Pakiti ya vipande 100 vya kuunganisha: inafaa kufundishia grafu?

Maduka ya vifaa vya shule huviita kwa majina mengi, lakini kitu ni kilekile: kipande cha plastiki chenye pande sita sawa, sentimita 2 kila upande, kina kinundu upande mmoja na tundu upande wa pili ili kimoja kipachikwe juu ya kingine. Pakiti ya kawaida ina vipande 100 vya rangi 10. Wauzaji huvinadi kwa kujumlisha na kutoa. Hapa vinapimwa kwa kazi nyingine, ya kumfundisha mtoto wa miaka mitano hadi minane kukusanya takwimu, kuzipanga na kuzichora.

Kwa kazi hiyo vinaanza vizuri sana. Grafu ya nguzo ina masharti mawili: kila kinachohesabiwa kichukue nafasi sawa, na nguzo zote zianzie mstari mmoja. Watoto wakichora matunda kwa mkono, sharti la kwanza huvunjika papo hapo. Ndizi tatu ndefu zinayapita maembe matano kwa urefu, na darasa zima linapiga kelele kwamba ndizi zimeshinda. Vipande vinalifuta kosa hilo bila mwalimu kusema neno: watoto 7 ni sentimita 14, watoto 5 ni sentimita 10.

Tatizo liko kwenye hesabu ya rangi, na halijaandikwa kwenye pakiti. Vipande 100 kwa rangi 10 maana yake kila rangi ina vipande 10 tu. Uliza darasa la watoto 40 “Leo umefikaje shuleni?”, wape waliotembea rangi nyekundu, na vyekundu vitaisha kabla hujamaliza safu ya pili ya madawati. Mwalimu huziba pengo kwa bluu, na mnara wa waliotembea unaota kichwa cha bluu. Mtoto wa miaka sita husoma rangi kabla ya lebo. Atakwambia hao wa bluu ni watu wengine, wala hajakosea, kwa sababu dakika tano zilizopita ulimfundisha kwamba kila rangi ni jibu lake.

Dawa ni kugawa makundi. Kundi la watoto 10 lenye majibu 4 linahitaji rangi 4 kamili, vipande 40, ili hata wote wakijibu jambo moja visipungue. Pakiti moja basi inahudumia makundi 2 kwa wakati mmoja na kubakiza rangi 2. Darasa la 40 linahitaji pakiti 2. Ukiwa na moja tu, vuruga rangi kwa makusudi: minara yote iwe na mchanganyiko, rangi isiwe na maana yoyote, na jibu lisomwe kwenye kadi iliyo chini ya mnara. Njia hii inafaa zaidi kwa darasa la pili, kwani wadogo zaidi hupotea humo.

Kabla ya kulipa, fungua pakiti ujaribu. Panga mnara wa vipande 10 vyekundu na mwingine wa 10 vya njano, vilaze sambamba. Lazima vilingane. Kila kipande kikizidi mwenzake kwa nusu milimita tu, tofauti inafika milimita 5 kwenye mnara wa 10, na mtoto anayelinganisha kwa macho ataona “zaidi” mahali pasipo na zaidi. Kisha shika mnara ncha moja uulaze hewani: usikatike wenyewe, lakini mtoto wa miaka mitano aweze kuuvunja bila kutumia meno. Wenye watoto chini ya miaka mitatu nyumbani wasivinunue, vinaingia mdomoni.

Ukivipata vizuri, kazi inakwenda hivi. Swali liwe na majibu yasiyozidi manne na kila mtoto achague moja. “Unapenda tunda gani?” ni swali bovu, maana mtoto atataja matatu. Sema: “Ukipewa moja tu kati ya embe, ndizi, chungwa na papai, utachukua lipi?” Kila mtoto apewe kizibo cha soda chenye jina lake, lililoandikwa kwenye kipande cha utepe wa karatasi. Akijibu, anatoa kizibo na kupokea kipande cha rangi ya jibu lake. Anayetaka kujibu mara mbili hana kizibo cha pili. Mwishoni, jumla ya vipande kwenye minara ilingane na vizibo ulivyopokea, na vizibo vilingane na watoto waliohudhuria. Isipolingana, msisonge mbele mpaka aliyeruka apatikane.

Wakati huohuo mtoto mmoja aandike vijiti ubaoni, kimoja kwa kila jibu: vinne wima, cha tano kinavikata. Kosa la kila mwaka ni kuchora vitano wima na kukata kwa cha sita. Mwambie ahesabu kwa sauti, na akifika “tano” mkono ulale.

Minara inayozidi vipande 12, yaani sentimita 24, huyumba na kuanguka. Ilaze kwenye manila, vitako vyote vikigusa rula ndefu. Hapo ndipo vipande vinapolipa bei yake. Ukiuliza “Waliochagua embe wanawazidi wa ndizi kwa wangapi?”, wengi hujibu urefu wa mnara mrefu, 9, badala ya tofauti. Weka mnara wa 9 ubavuni mwa mnara wa 5, vunja kinachozidi, mpe mkononi. Vinne anavishika mwenyewe. Na kama hakuna aliyechagua papai, kadi ya papai ibaki mahali pake, tupu. Watoto huiondoa haraka wakidhani sifuri si jibu.

Kuhamia kwenye karatasi ndiko kunakoonyesha udhaifu wa vipande. Kwa kuwa vinajipanga vyenyewe, mtoto hajawahi kufikiria nafasi sawa wala mstari wa kuanzia. Mpe daftari la hesabu, ataanza nguzo ya pili mraba mmoja juu ya ya kwanza. Usiruke hatua: chora kwanza miraba ya sentimita 2 kwenye manila, vipande vilale juu yake, kisha kila kimoja kiondolewe na mraba wake upakwe rangi. Daftari lije baadaye. Mwanzoni namba ikae ubavuni mwa kila mraba, na ihamie kwenye mistari, ikianzia 0, nguzo zitakapoacha kuwa miraba inayohesabika.

Kwa hatua ya kwanza kabisa, ya kujifunza nafasi sawa na mstari wa kuanzia, vizibo vya soda ni walimu wazuri kuliko plastiki, na ni bure. Vina upana wa takriban sentimita 3.2, vinalingana vyote, na havijipangi: mtoto akiviachanisha ovyo, vitano vinakuwa virefu kuliko saba, na mjadala unaanza wenyewe. Baada ya mjadala leta trei la mayai la mashimo 30, 5 kwa 6. Unganisha mawili kwa upande wa 5, unapata nguzo tano zenye nafasi 12 kila moja. Vizibo vioshwe kwa maji ya moto, la sivyo sukari italeta sisimizi kabatini, na vilivyopindwa na kifungulio vitupwe, kwa sababu meno ya vizibo hivyo hukata vidole.

Kwa hiyo, mwenye darasa la awali anayeanza kabisa asinunue bado. Vizibo na trei vinamtosha muhula mzima. Mwenye darasa la kwanza au la pili, ambaye watoto wake wamekwama kwenye “zaidi kwa ngapi”, anunue pakiti 2 za aina moja, kutoka kwa muuzaji mmoja, siku moja. Vinundu vya watengenezaji tofauti mara nyingi havikubaliani.