Pawa saplai: kuijaribu kwa waya au kufunga nyingine?

Kompyuta ya mezani haiwashi taa wala feni, na soketi ya ukutani ina umeme? Mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme kwa sehemu zote za kompyuta.

Jaribio la waya ni la bure. Chomoa plagi ya ukutani, kisha plagi zote zinazotoka kwenye pawa saplai. Kwenye ile ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya (nyaya zote zikiwa nyeusi, ni pini ya 16 na 17). Rudisha plagi ya ukutani na uwashe. Ukiwa na multimita (kipima umeme), waya wa njano usome volti 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25. Feni pekee isikudanganye: baadhi ya pawa saplai huiacha imetulia mpaka mzigo, yaani umeme unaovutwa, uongezeke.

Kukosa mzigo ndio udhaifu wa jaribio hili. Pawa saplai yenye kapasita (vijenzi vinavyohifadhi umeme) zilizochoka hufaulu ikiwa tupu, kisha huanguka prosesa inapoanza kuvuta umeme.

Kufunga nyingine hutoa jibu la kuaminika zaidi, ila lazima uazime inayoingiliana. Kompyuta nyingi za Dell na HP zina plagi za kwao. Usisahau plagi ya prosesa ya pini 4 au 8. Na usitumie kebo za ile ya zamani, hata zikiingia: mpangilio wa pini hutofautiana, na diski huweza kuungua papo hapo.

Kompyuta imekufa kabisa? Anza na waya. Ikiwaka sekunde moja na kuzima, azima nyingine.