Judo ya wazee hapa Bukavu: uzoefu wangu

Bukavu ni mpando na mteremko tu, na mvua ikinyesha upande wa Kadutu hata vijana wanateleza. Mimi niliteleza mwaka jana nikavunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipona, woga ukabaki. Sokoni nikawa natuma watu, kanisani sitoki bila mjukuu wa kunishika. Na huo woga una hila yake: usipotembea miguu inalegea, na miguu ikilegea unaanguka upesi zaidi.

Binti yangu ndiye aliyeniandikisha kwenye klabu moja ya judo huko Ibanda, yenye kipindi cha wazee Jumamosi asubuhi. Nikamuuliza, "Mama, sasa unataka nikapigane na nani?"

Hakuna kupigana, wala kurushana. Tunaanza na taiso, mazoezi ya kuamsha mwili ambayo kule Ufaransa klabu za judo huwafundisha hata watu wasiotaka mashindano. Unasimama kwa mguu mmoja umeshika kiti, unahamisha uzito mguu huu hadi ule, unatembea juu ya tatami, yaani magodoro magumu ya kufanyia judo, kwa kuburuta nyayo. Haya yalinichosha kuliko nilivyodhani.

Halafu ukemi, yaani kuanguka. Popote duniani mwanafunzi wa judo hujifunza kuanguka kabla ya kuangusha, kwa hiyo sisi wazee hatukutungiwa kitu kipya, tumepunguziwa kasi tu. Tulianza tukiwa chali, tukipiga tatami kwa mikono miwili, viganja chini, mikono isifike usawa wa mabega. Baadaye tukiwa tumekaa, kisha tumechuchumaa. "Koko, tazama mkanda!" anapaza sauti maître, ndivyo tunavyomwita mwalimu, naye wazee anatuita koko. Ukitazama mkanda wako, kidevu kinaingia kifuani na kisogo hakigongi chini. Mkono nao usiutangulize nyuma kujizuia, ndipo kifundo kinapovunjika.

Lakini kwangu mimi, dawa hasa ilikuwa kuinuka. Geukia ubavu, egemea magoti na viganja, leta mbele mguu wenye nguvu, shika kiti, jisukume. Kumbe nilichokuwa naogopa si kuanguka peke yake, ni kubaki pale chini nikiita watu wasiosikia. Sasa naenda soko la Nyawera mwenyewe, ingawa mvua ikinyesha nangoja njia ikauke, mimi si mjinga.

Lawama ninazo. Ukumbi uko ghorofani na ngazi hazina pa kushika! Watu wanaoogopa kuanguka, jamani. Pa kubadilishia nguo wanawake hapana, na wapo wamama walioacha kwa sababu hiyo, maana kwa kitenge huwezi kubingirika mbele ya wababa. Tena siku ya kwanza hakuna aliyeniuliza habari ya presha wala mifupa. Nilijisemea mwenyewe, kwani nikiinuka haraka kichwa kinazunguka. Mwenye mifupa dhaifu amwone daktari kwanza. Akikatazwa kujiangusha, bado taiso na kuinuka vitamfaa.

Dola tano kwa mwezi. Judogi, lile vazi la judo, si lazima, suruali pana inatosha. Soksi acheni nyumbani, zinateleza kwenye tatami.