Dawa ya kuzuia maji kwenye matofali ya meko: uzoefu wangu wa Lushoto

Sebule yetu Lushoto ina meko ya matofali ya kuchoma, ya enzi za Mwingereza. Baridi ya Juni ikishuka Usambara, moto unawashwa kila jioni. Matofali yalikuwa meusi kwa masizi, na ukiegemea ukuta na shati jeupe unaondoka na vumbi jekundu begani.

Fundi wa kwanza aliyapaka vanishi ya mbao. Yaling'aa wiki mbili, halafu karibu na mdomo wa meko vanishi ikageuka njano na kufura malengelenge. Kuibandua kulinila siku tatu na ngozi ya vidole.

Safari hii nikanunua dumu la lita 5 la dawa ya sailoksani, kemikali ya jamii ya silikoni inayozuia maji, ile inayouzwa ikiwa imeshachanganywa na maji kiwandani. Hiyo inazama ndani ya tofali bila kuacha ngozi juu, kwa hiyo ukuta unaendelea kupumua. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa ukiufunika na kitu kama plastiki, unyevu na chumvi vinanasa nyuma yake, na uso wa tofali unaanza kumenyuka.

Kazi kubwa ni usafi, si dawa. Piga brashi kavu kwanza, kwa sababu masizi yakilowa yanazama zaidi. Kisha nikasugua kwa sabuni ya vyombo na brashi ya nailoni; ya waya inachuna tofali na kuacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu. Asidi niliikataa kabisa, ingawa muuza duka aliisifia, kwani inakula chokaa ya viungo. Kukausha kulichukua wiki mbili, na ukungu wa huku mnaujua.

Kupaka ni saa moja tu. Mkono wa pili unafuata kabla wa kwanza haujakauka. Eneo la mita 6 za mraba lilikunywa karibu lita 3. Ndani ya meko, mahali moto unapowaka, sikupaka hata tone.

Sasa maji yakimwagika yanakaa juu kama lulu, na rangi ya matofali haikubadilika. Lakini vumbi jekundu limepungua tu, halijaisha, na masizi mapya bado yanashika. Aliyeniuzia aliniambia nitasahau brashi. Ninayo hapa mkononi.

Lita 2 zimebaki. Mama mkwe ameshazikodolea macho kwa ajili ya ngazi za nje, na nadhani huko ndiko zitakakofaa zaidi.