Mota za ndege za rimoti: nimezifunga nne kwa zamu kwenye ndege moja, hii ndo imebaki

Wengi wanaoanza swali lao la kwanza ni mota hii ina KV ngapi, wakisikia 1400 wanaona hiyo ndo yenye nguvu kuliko ya 1000, na mi nataka niseme kutokana na mota nilizozishika mwenyewe kwamba KV haikwambii nguvu hata kidogo. KV inakwambia tu mota ikiwa tupu, haina propela, itazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja. Ya 1000 kwenye betri ya volti 11.1 itataka kufika mizunguko 11,100, ukifunga propela inashuka sana kutoka hapo. Nguvu inatokana na ukubwa wa mota yenyewe, shaba iliyojaa ndani, sumaku, na jinsi inavyoweza kutoa joto.

Ndege niliyotumia kulinganisha ni trena (ndege ya kujifunzia) ya bawa juu, ya mbao nyepesi za balsa, ikiwa na betri ndani inafika kilo 1.2. Betri ni LiPo ya seli 3 ya mAh 2200, hiyohiyo kwa mota zote, na propela nayo nilianza na 10x5 kwa kila mota inayoiweza (yaani kipenyo inchi 10, na kila mzunguko inajisogeza mbele inchi 5), kwa sababu ukibadilisha mota na propela na betri kwa mpigo hutajua kipi kimeleta tofauti. Kati ya betri na ESC (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) nafunga wati mita inayosoma ampea na wati, mkia wa ndege naufunga kwenye mizani ya ndoano inayosoma msukumo, alafu napandisha kijiti cha kasi mpaka mwisho nasoma. Hamna maabara hapo ila inatosha kabisa kwa sababu unachotafuta ni tofauti kati ya mota na mota.

Mota za brashi, zile za saizi 400 za zamani, nazitaja haraka tu (nyingine zote za hapa hazina brashi). Nimezirusha kwenye ndege nyepesi za povu na zilinifundisha mengi, ila karibu nusu ya umeme unaoingia unageuka joto, brashi zinalika, cheche zake zinaleta makelele kwenye risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) mpaka ulehemu kapasita, na kwa trena ya kilo 1.2 hata sikujaribu. Leo sioni sababu ya mtu kununua moja ya kurushia ndege.

Ya kwanza kwenye trena ikawa 2212 ya KV 1000, hii mnaijua, ipo kila mahali. Hapa kuna kitu kinachanganya watu, 2212 maana yake steta ya ndani (sehemu isiyozunguka, iliyozungushiwa waya) ina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha 12, lakini watengenezaji wengine wanapima ganda la nje na urefu wote, mota ileile wanaiita 2830. Kwa hiyo mtu anaacha 2212 anaenda kutafuta 2830 akidhani amepanda daraja kumbe ni saizi ileile. Kabla hujalinganisha namba mbili uliza kwanza zimepimwa wapi. Ina uzito wa gramu 50 hivi, na kwa 10x5 wati mita ilikuwa inasoma karibu ampea 15 na wati 165, mizani gramu 800. Ndege ikaruka, na ikaruka vizuri tu, ila inapanda kivivu, siku ya upepo unakuwa umeshikilia kijiti juu ya robo tatu muda wote na ikitua ukigusa mota ni ya moto. Hiyo inaeleweka, wati 165 kwa kilo 1.2 ni kama wati 140 kwa kilo, na trena inataka 150 mpaka 200, ya sarakasi 250 na kuendelea, ile ya kuning'inia wima kwenye propela yake inataka zaidi ya 350. Ukiwa na ndege ya povu ya gramu 700 hii mota ni tamu sana, huko naipenda kweli.

Sasa ile 2212 ya KV 1400, ambayo wengi wangeiona ndo dawa ya huo uvivu. Ukubwa uleule, uzito uleule, tofauti ni kwamba waya umezungushwa mara chache zaidi kwenye steta. Kwa 10x5 sikuifikisha mwisho, kijiti kilikuwa hakijafika mwisho na wati mita imeshapita ampea 20, nikashusha. Sababu ni kwamba propela ikizunguka haraka mara mbili inadai nguvu mara nane, sio mara mbili, na mota hii inajaribu kuikimbiza propela kubwa kwa kasi ambayo ukubwa wake hauwezi kuibeba, kwa hiyo kilichozidi kinaishia kuwa joto kwenye waya. Joto likizidi sana hata sumaku zinapoteza nguvu, neodimiamu za daraja la kawaida zinaanza kuharibika zikipita nyuzi 80 na zikipoa nguvu iliyopotea hairudi. Nikaifunga 8x4, hapo ikatulia kwenye ampea 16, lakini mizani ikasoma gramu 650 tu. Angalia hapo, wati ni karibu zilezile za ile ya 1000 na msukumo umepungua, kwa sababu propela ndogo inasukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa, na ndege inayotembea taratibu inanufaika zaidi na hewa nyingi inayosukumwa polepole. Kwenye bawa linaloruka, lile dogo lisilo na mkia, 1400 na 8x4 ni raha tupu. Kwenye trena hapana.

Na mtu asije akasema basi KV ndogo ndo yenye nguvu, hiyo nayo sio kweli. Hizi mbili za 2212 zinabeba wati zinazokaribiana, ile ya 1400 ukiipa seli 2 itataka mizunguko kama 10,360, karibu sawa na 1000 kwenye seli 3, na itaendesha 10x5 bila shida, ila kwa volti ndogo utalipa kwa ampea, kwenye 22 hivi badala ya 15, na ESC yako iwe inaweza hizo.

Inrana yenye gia nayo niliijaribu, ile ambayo shafti inazunguka ndani na ganda limetulia, KV yake karibu 3000 na gia ya 4 kwa 1, kwa hiyo propela inaiona kama 750. Inafanya kazi kwa ufanisi mzuri kwelikweli, ni nyembamba, na kwenye glaida yenye pua finyu na propela ya kukunja sioni inayoishinda. Kwenye trena kelele za gia zinachosha, inataka grisi, na propela ikigusa ardhi meno ya gia ndo yanapokea kipigo. Autrana, ile ambayo ganda lenyewe ndo linazunguka kama hizo 2212, haina huo mzigo kwa sababu sumaku ziko nje mbali na kati, nguvu ya kuzungusha inapatikana bila gia.

Iliyobaki kwenye ndege ni autrana ya 3536, hiyo namba ni ya nje, KV 910. Kwa KV ndo ndogo kuliko zile 2212 zote mbili na wapo wangeipita. Kwa 10x5 ileile na wati zilezile 165 hivi, mizani ilipanda mpaka zaidi ya gramu 900, mota ikiwa vuguvugu tu, maana shaba ni nene na ukinzani mdogo. Alafu nikaipa 11x5.5, ikachukua ampea 26 na wati 280, hizo ni zaidi ya wati 230 kwa kilo, na hapo trena ikawa ndege nyingine kabisa, inapaa bila kulazimishwa na ikishafika juu naruka kijiti kikiwa chini ya nusu. Betri ambayo kwa 2212 ilinipa dakika kama 10 sasa inafika 12 au 13, na hili ndo huwa nalisisitiza, kwamba mota kubwa isiyofanya kazi kwa shida inakula kidogo kuliko ndogo inayohangaika.

Watu wanaogopa uzito wake, gramu 100 na ushee, mara mbili ya 2212. Kwenye ndege yangu kulikuwa na kipande cha risasi (ile metali nzito) cha gramu 40 puani ya kuweka mizani sawa, nikakitoa, betri nikairudisha nyuma kidogo, uzito wa jumla ukaongezeka kiasi cha kutosumbua chochote.

Ukiifunga andaa ESC ya ampea 40, taimingi (mpangilio wa ndani ya ESC) iwe ya kati, ikizunguka kinyume badilisha waya wowote mbili kati ya tatu. Adapta ya propela iwe ile ya kufungwa kwa skrubu kwenye ganda, sio ya kubana shafti, kwa 11x5.5 ile ya kubana inaweza kuteleza. Mashimo ya mbao ya mbele itabidi utoboe upya, na miguu ya ndege uirefushe, kwa sababu inchi 11 kwenye miguu ya kawaida ya trena propela inafyeka majani wakati wa kutua.