Romeo na Juliet kama mswada wa jukwaani: uzoefu wangu na mzee Capulet

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyopungua nitaieleza. Siipimi hapa tamthilia hii ya Shakespeare kwa mazungumzo ya usiku bustanini, maana yamesifiwa vya kutosha. Naipima kwa kazi moja: mwongozaji anayetaka kuonyesha mzazi anavyoshika hatamu za ndoa ya bintiye, je, atapata humu vifaa? Atavipata, tena tele, mradi asipitishe mkasi mahali pabaya.

Mahali penyewe ni onyesho la pili la tendo la kwanza. Mswada kamili una takriban mistari 3,000, na utangulizi wake unaahidi saa mbili tu, kwa hiyo kila kikundi hukata. Wengi huanzia hapo kwa sababu hakuna upanga wala busu. Paris, kijana wa ukoo wa mtawala wa Verona, amekuja kumposa Juliet na mzee Capulet, baba wa binti, anamjibu, basi. Lakini sikiliza anavyomjibu. Binti hajatimiza miaka 14, subiri viangazi viwili vingine vipite. Paris anasema wako wadogo kuliko yeye ambao tayari ni mama wenye furaha. Mzee anamrudishia kwamba wanaowahishwa hivyo huharibika mapema. Kisha anamwambia akambembeleze mwenyewe, apate moyo wake, kwani ridhaa ya baba ni sehemu tu ya ridhaa ya binti. Huyu ni mzazi ambaye ardhi imemmezea matumaini yake yote akabaki na mtoto mmoja. Ukilikata onyesho hili, Capulet wa tendo la tatu anakuwa zimwi lililozuka tu, na hadhira haimwogopi zimwi. Ukiliacha, utawasikia watu wanaguna: huyu huyu wa jana?

Naam, wa jana, maana mambo yote haya yanakimbia ndani ya siku tano hivi. Jumapili usiku ni karamu. Jumatatu Juliet na Romeo wanafungishwa ndoa ya siri, na mchana huo huo Romeo anamuua Tybalt, mpwa wa mke wa Capulet. Mtawala ameghadhibika, nyumba ina msiba, na ndugu wa mtawala bado yuko sebuleni na posa yake. Usiku sana Capulet anaamua. Anauliza leo siku gani, Jumatatu, basi Jumatano ni karibu mno, iwe Alhamisi, na waalikwa wawe nusu dazani tu kwa heshima ya marehemu. Mwigizaji aichunguze kauli moja ya hapo: kwanza mzee anasema anadhani binti atamtii kwa kila jambo, halafu anajisahihisha mwenyewe kwamba hana shaka. Udhibiti wote wa mzazi unaingia katika hatua hiyo fupi kutoka kudhani hadi kutokuwa na shaka, na hakuna aliyemuuliza msichana. Isemwe taratibu. Waigizaji wengi huimeza.

Anayeifanya kwa Kiswahili ana faida ambayo Kiingereza hakina. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha bwana harusi, bibi harusi na baba. Kwetu mume anaoa, mke anaolewa, baba anaoza, na mfasiri analazimika kuchagua kila mstari. Ushauri wangu ni kuweka “aolewe” kinywani mwa Capulet mwanzoni na kumwachia “nitamwoza” aanze nalo Jumatatu usiku. Hadhira itasikia mlango unafungwa hata kama haitajua ni neno gani lililoufunga. Na kwa vile mzee amekwisha kumlinganisha binti na tunda lisiloiva, ile maana nyingine ya kuoza inajipenyeza yenyewe. Iache itokee mara moja. Ikirudiwa, watu wanacheka.

Sasa onyesho la tano la tendo la tatu, ambalo ndilo mzigo wenyewe. Ni Jumanne alfajiri, Romeo ametoka kushuka dirishani. Mama anaingia na habari za Alhamisi, kanisa la Mtakatifu Petro. Juliet anakataa. Baba anaingia hajui lolote, na anaingia kwa upole: anamwona analia, anamfananisha na jahazi, bahari na upepo kwa pamoja. Hapo pasikimbiwe, maana upole huo ndio unaoipa hasira mahali pa kuangukia. Anamwuliza mkewe kama amempa uamuzi. Mama anajibu kwamba mtoto anashukuru lakini hataki, na kuongeza kwamba laiti mjinga huyu angeolewa na kaburi lake. Mzee anataka aelezwe polepole. Juliet anasema anashukuru ingawa hawezi kujivunia anachokichukia, na baba anayadaka maneno yale yale na kumtupia usoni. Kiingereza kinageuza shukrani na kiburi kuwa vitenzi vya kubeza. Kiswahili kina dawa yake, “usinishukurushukuru hapa”, na mdundo unabaki.

Kisha matusi: mzoga, malaya, uso kama mafuta ya mshumaa. Atamkokota hadi kanisani. Binti anapiga magoti. Baba anasema vidole vinamwasha. Hapa ndipo maonyesho mengi yanapokosea kwa kuweka kofi. Hakuna mahali mswada unaposema anampiga, na vidole vinavyowasha ni vya mtu ambaye bado hajapiga. Kofi likishalia, hadhira inamhukumu kwa kofi na haisikii tena hukumu anayoitoa yeye: ukiwa wangu nitakupa kwa rafiki yangu, usipokuwa wangu, jinyonge, omba, shinda njaa, ufie njiani. Sentensi hiyo ina “wangu” pande zote mbili. Mikono ibaki chini hadi atoke.

Usiliache jukwaa liwe la watu wawili pia. Yaya anamtetea Juliet mbele ya bwana wake, anaambiwa akapige soga na mashoga zake, na ananyamaza. Mzee akiondoka, Juliet anamgeukia mama. Mama anasema amemalizana naye. Anamgeukia yaya, yaya anamshauri aolewe na Paris, maana Romeo mbele yake ni tambara la kufutia vyombo. Milango mitatu kwa dakika chache. Nafasi kati ya watu iongezeke kila mlango unapofungwa, ili mwisho Juliet awe peke yake bila mtu kumsukuma.

Kuhusu sheria, kwa sababu swali hili huulizwa kila mazoezi: kwa nini padri aliyewafungisha ndoa asiseme tu kwamba Juliet ameshaolewa? Kanisa liliihesabu ndoa kwa ridhaa ya wawili hao; idhini ya baba haikuwa nguzo yake. Kwa hiyo ndoa ya Jumatatu ni ndoa, na Capulet bila kujua anamlazimisha bintiye kuwa na waume wawili. Padri Laurence akisema, anajitia hatiani kwa kuifungisha kwa siri na kumtaja Romeo aliyefukuzwa mjini. Bila kulielewa hilo, ile dawa ya usingizi anayompa Juliet ili aonekane amekufa na aikwepe harusi inaonekana kichekesho.

Na dawa yenyewe inaharibiwa na baba. Padri alipanga inywewe Jumatano usiku. Juliet anarudi nyumbani Jumanne, anapiga magoti, anaomba radhi, anasema tangu sasa atatawaliwa naye. Mzee anafurahi kupita kiasi na kuivuta harusi hadi kesho. Mkewe anamwambia vyakula havitatosha; anajibu atakesha, leo yeye ndiye mama wa nyumba. Zile nusu dazani za wageni zimekwisha kuhitaji wapishi stadi 20. Kwa hiyo utii wa uongo wa binti unaleta haraka ya baba, dawa inanywewa siku moja kabla, na barua ya kumweleza Romeo aliyeko Mantua inapungukiwa na siku nzima kabla hata karantini ya tauni haijamfungia ndani mtawa aliyeibeba. Waongozaji hukata mabishano haya ya vyakula kwa kuona ni ya jikoni. Yakikatwa, maafa yote yanabaki kuwa bahati mbaya ya barua.

Nyota iliyopungua ina sababu mbili. Ya kwanza ni saa 42 za dawa: ukizihesabu kutoka Jumanne usiku, zinaisha Alhamisi mchana, ilhali Juliet anazinduka kaburini usiku. Kata tarakimu, sema “karibu siku mbili”, hakuna atakayelalamika. Ya pili ni mama. Chapa ya 1599, ambayo ndiyo msingi wa maandiko mengi ya leo, inamwandika kwa majina yanayobadilika, mara mama, mara mke, mara bibi, na jina lake mwenyewe halitajwi popote. Tunajua tu kwamba alimzaa Juliet akiwa na umri unaokaribia ule wa Juliet sasa. Mwigizaji aanzie hapo, kwa sababu mwandishi hampi kingine. Chapa fupi ya 1597 haina msaada kwake, ingawa maelekezo yake ya jukwaani ni mazuri.

Umri nao usifichwe. Shairi la Arthur Brooke la 1562, alikotoa kisa, linampa Juliet miaka 16. Shakespeare ameushusha hadi 13. Kwa hadhira ya sekondari Tanzania, ambako kifungu cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kilichoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi kilitangazwa na Mahakama Kuu 2016 kuwa kinyume cha Katiba na Mahakama ya Rufani ikakubali 2019, kumfanya awe na miaka 18 ni kuwanyima mjadala wenyewe. Anayetaka kulinganisha aichukue Mabepari wa Venisi ya Nyerere: kule baba ni marehemu na bado anachagua mkwe kwa masanduku matatu.

Mfasiri ajihadhari na mstari mmoja wa Capulet karibu na mwisho. Mbele ya maiti anamwomba mzee Montague, baba wa Romeo na hasimu wake wa siku zote, mkono, akiuita fungu la binti yake kutoka upande wa mume, na kwamba zaidi ya hilo hana la kudai. Neno la Kiingereza ni mali anayotengewa mke, si bei inayolipwa baba. “Mahari” linafaa kwa msikilizaji wa pwani anayejua kuwa mahari ni haki ya bibi harusi. Bara linaweza kusikika kama ng'ombe wa baba. Mimi hulitumia hata hivyo, na mwigizaji hulisema kwa sauti ile ile aliyopangia Alhamisi.