Mtungi wa hewa au pumzi moja?

Ninaporekodi picha chini ya bahari, huzamia ama na mtungi wa hewa, ama kwa kubana pumzi moja tu. Kwa matumbawe na viumbe wanaojificha, kama pweza, mimi huchagua mtungi bila kusita. Unatulia mahali pamoja nusu saa, unawasha taa (rangi nyekundu hufifia mita chache tu kutoka juu, na bila taa kila kitu huonekana buluu), unasubiri mnyama akuzoee.

Kwa nyangumi mambo hubadilika. Mapovu ya mtungi yana kelele, nao huishi kwa kusikia. Wengine hugeuza njia. Anayezamia kwa pumzi hushuka kimya, na nyangumi akipenda humsogelea mwenyewe. Unapata dakika moja au mbili za kurekodi, lakini picha hizo ndizo ninazozipenda zaidi. Mwenzako abaki juu akikutazama: mzamiaji anaweza kuzirai akikaribia kuibuka.