Jiko la kuchomea nyama kwa familia ndogo: ninunue lipi?

Kabla hujaulizia bei, pima nyama yako. Familia ya watu watatu au wanne, Jumapili, inachoma kilo moja na nusu ya mbuzi au kuku mmoja aliyepasuliwa mgongoni. Vyote hivyo vinaenea kwenye wavu wa sentimita 40. Jiko la nusu pipa kama yale ya baa lina urefu wa karibu sentimita 88. Ukiliwasha kwa ajili ya kuku mmoja, zaidi ya nusu ya mkaa inaungua bila kitu juu yake.

Nasema hivyo kwa sababu ndilo nililoanza nalo mimi. Lilikuwa la bati jembamba, nikaliacha uani na majivu yake ndani. Masika ya pili yalipokwisha nikalinyanyua kulihamisha, kitako kikabaki chini. Majivu yakilowa hula chuma, na bati jembamba halina cha kuliwa.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni jiko la ringi ya gari. Ringi ya chuma ya inchi 14 au 15 ni nzito, haipindi kwa moto, na matundu yake ya nati yanapitisha hewa kutoka chini. Fundi anaichomelea miguu mitatu, mikono miwili ya kubebea na wavu, basi. Bei yake huwa chini ya nusu pipa, na ukilitunza litakaa miaka mingi. Nenda na sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma. Isiponasa, hiyo ni ringi ya spoti, ya aluminiamu, iache: moto wa mkaa uliopepewa vizuri unaweza kuilainisha.

Kasoro ya majiko mengi ya ringi ni wavu kukaa karibu mno na makaa. Nyama inababuka nje, ukikata ndani damu bado. Mwambie fundi aongeze vipande vitatu vya nondo vya kuinulia wavu, mpaka uwe sentimita 10 hadi 15 juu ya makaa. Wavu wenyewe uwe wa nondo laini za milimita 6. Zile zenye mistari hushika mafuta na kuzisugua ni kazi. Wavu wa banda la kuku usikubali kabisa hata ukipewa bure, kwa sababu umepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu. Siku ya kwanza liwashe tupu mpaka rangi yote iungue, lisugue kwa brashi ya waya, ulipake mafuta ya kupikia.

La pili ni jiko la duara lenye mfuniko. Lilianzia karibu na Chicago mwaka 1952, George Stephen wa kiwanda cha Weber Brothers alipokata boya la chuma katikati, kazi ileile ambayo mafundi wetu wanaifanya kwa pipa. La sentimita 47 linakutosha. Uzuri wake ni huu: unasogeza makaa upande mmoja, sato au paja la mbuzi unaliweka upande wa pili, unatupia kipande cha mti wa mwembe au mpera juu ya makaa, unafunika. Moshi unafanya kazi yake taratibu. Ndiyo maana simshauri mwenye familia ndogo anunue jiko jingine la kuivishia nyama kwa moshi tu. Dukani fungua na ufunge matundu ya hewa. Yakiziba sawasawa, ukimaliza kuchoma makaa yatazimika na mkaa uliobaki utautumia tena.

Nusu pipa ni ya tatu, kwa anayepokea wageni kila mwezi. Chagua pipa lililokuwa na mafuta ya kula, si la kemikali, na liwekewe kizuizi cha bati nene katikati ili siku za kawaida uwashe upande mmoja.

Jiko la gesi naliweka mwisho. Linawaka upesi, lakini ile harufu ya mafuta yanayodondokea makaa huipati sawasawa. Linamfaa anayeishi ghorofani asikoruhusiwa kuwasha mkaa, ilimradi kibaraza kiwe wazi. La mkaa usiliingize ndani hata mvua ikikukuta katikati ya kazi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Ukienda kwa mafundi, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kamukunji Nairobi, nenda asubuhi, lipa nusu, ukae uone miguu inavyochomelewa. Likipoa, liweke sakafuni uukandamize wavu kwa mikono miwili. Likicheza, fundi aurudie mguu kabla hujammalizia hela yake.